Ganda la risasi, hela ya tundu na sarafu yenye ndege: nilivifukua Haneti 2014, naomba wajuvi mnisaidie vilifikaje pale

Minyaa_Mitatu (mleta uzi)

Wakuu mbukwenyi, na wasio Wagogo habari za saa hizi.

Mwaka 2014 mimi na jamaa yangu tulichanga tukanunua ditekta ya mtumba, tamaa ya dhahabu tu hakuna kingine, tukaenda nayo Sekenke kule Singida tukazunguka wiki mbili tukarudi na misumari na vizibo vya soda. Jamaa akakata tamaa akaniachia mashine. Desemba nikaenda nayo kwetu, kijiji kimoja upande wa Haneti mkoani Dodoma, jina la kijiji sitaji mtaelewa kwa nini, nikawa napita nayo shambani kwa bibi watoto wananifuata nyuma kama naswaga ng'ombe. Udongo wetu una yale mawe mekundu ya chuma basi mashine inakoroma kutwa nzima, ila kwenye kona moja karibu na minyaa ikapiga sauti safi kabisa, juu, haikwami. Nikashika jembe nikashusha.

Vilitoka vitu vitatu.

Cha kwanza ganda la risasi la shaba ya njano, urefu kama kidole gumba, kitako kimeandikwa K15 VII. Cha pili sarafu nyeupe yenye tundu katikati, ina taji, inasomeka DEUTSCH OSTAFRIKA na 1909, na herufi J ndogo. Cha tatu ndo kilichonisumbua, sarafu nyekundu ya shaba, upana sentimita mbili na nusu hivi, upande mmoja kuna ndege kama tai na maandishi yamefutika yamebaki AFRIKAN tu, upande wa pili kiarabu. Nikampelekea ustadhi mmoja pale mjini akasoma namba akasema 1309. Basi kuna jamaa alikuwa amekaa pembeni akadakia, 1309 hiyo mkuu, hiyo sarafu ina miaka mia saba, usiiuze chini ya milioni 40. Nikapanda bei kichwani, nikatafuta mteja miezi mitatu, kila mteja anataka nimtumie kwanza nauli, mwisho nikaitia kwenye kopo la kahawa nikasahau maisha yakaendelea.

Mwezi uliopita nahama nyumba nimekuta kopo. Sasa hivi siuzi, nataka kujua tu. Ile mashine yenyewe nilishaiuza zamani. Swali langu, vitu vitatu hivi vimekutanaje kwenye shimo moja katikati ya shamba la mtama? Picha nimeweka hapo chini, samahani simu yangu kioo kimepasuka.

Bingwa wa Rupia

Mkuu hiyo yenye kiarabu inavuta mchele? Njoo pm haraka usiongee na mtu mwingine.

Mgogo Halisi

😂😂 hajachelewa huyu. Nimevuta kigoda nimekaa paleee.

Dada wa Area C

Bingwa wa Rupia hebu tuambie shaba inavutaje mchele, sumaku yenyewe haivuti shaba na mchele si chuma. Mjomba wangu walimla laki nane kwa mchezo huo huo, walikuja na sahani ya mchele na rupia ya fedha ile ya Kaizari amevaa kofia ya chuma, mchele ukasogea kweli mbele ya macho yetu, kumbe waliupaka unga wa chuma na chini ya meza kuna sumaku. Halafu wakamwambia itafutwe dawa ya kuizima nguvu, dawa ndo laki nane. Mleta uzi usiende pm.

Saa na Sarafu

Mleta uzi mimi ni fundi saa, sarafu za zamani nakusanya tangu sijaoa. Kabla sijasema kitu naomba jibu hili, upande wenye kiarabu kuna picha ya mizani? Kama ile ya dukani ya kupimia yenye sahani mbili?

Minyaa_Mitatu

Hakuna mizani. Ni maandishi tu yamezungukwa na kitu kama matawi. Upande wa pili ndo ndege.

Saa na Sarafu

Sawa basi tumemwondoa Sayyid Barghash, yule sultani wa Zanzibar. Maana pesa ya shaba ya Zanzibar ya Barghash ina mizani na mwaka 1299, watu wengi huwa wanazichanganya kwa sababu zote nyekundu, zote za kiarabu na ukubwa unakaribiana. Yako yenye tai ni ya ile kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ya akina Carl Peters. Hayo maandishi yaliyobaki AFRIKAN ni katikati ya DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, na kampuni ilipiga pesa za shaba miaka mitatu tu, 1890, 1891 na 1892.

Sasa hiyo 1309. Ustadhi kasoma sawa kabisa, aliyekosea ni yule wa pembeni. Huo ni mwaka wa hijria mkuu! Mwaka wa hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa kawaida. Njia ya mkato zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. 1309 mara 0.97 unapata 1270 kasoro kidogo, ongeza 622, unaangukia kati ya 1891 na 1892. Kwa hiyo hata kama mwaka wa upande wa tai umefutika wewe unayo ya 1892. Za 1890 zimeandikwa 1307 na za 1891 zimeandikwa 1308.

Miaka mia saba hiyo hamna, kuna mia na thelathini na kitu.

Minyaa_Mitatu

Duh. Miaka kumi natembea na hesabu ya yule jamaa kichwani. Asante sana fundi.

Mgogo Halisi

Milioni 40 imeyeyuka hapa hapa mbele ya macho yetu 😂 pole mkuu.

Saa na Sarafu

Na angalia raha ya kopo lako, humo ndani una maneno mawili ya kiswahili. Hiyo ya tai jina lake ni PESA, limetoka kwenye paisa ya kihindi, pesa 64 zinafanya rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya Mjerumani ikabadili hesabu, rupia ikawa heller 100, na heller ndo hela yetu hii tunayodaiana kila siku. Hiyo yako nyeupe ya tundu ni heller 10, nadhani umeshaona imeandikwa 10 upande wa nyuma, na J ni alama ya kiwanda cha Hamburg. Kwa hiyo ukisema sina pesa wala hela umetaja kampuni na serikali.

Swali lingine, umezisafisha?

Minyaa_Mitatu

Ile ya tai tulisugua na ndimu na majivu siku hiyo hiyo, mdogo wangu ndo alisugua. Iling'aa sana.

Saa na Sarafu

Aaaah. Basi ndo maana mwaka umefutika. Wakuu wote mnaosoma huu uzi naomba sana, ukipata sarafu ardhini osha na maji matupu iache ikauke kivulini basi, usitie ndimu, usitie majivu wala brasso. Ule ukijani juu ya shaba ndo ngozi yake, ukiubandua unaondoka na herufi.

Mzee wa Reli

Nimepita hapa nimevutwa na hilo ganda. K15 VII ni risasi ya Mwingereza, K ni kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, 15 ni mwaka 1915, VII ni toleo la saba la .303, ile risasi ya bunduki zao. Kwa ukubwa uliosema ndo yenyewe. Askari wa Mjerumani wengi wao walikuwa bado na yale magobole makubwa ya 1871 yanayotoa moshi mweupe mpaka adui anajua umejificha wapi, ganda lake ni nene, haliwezi kuwa hilo.

Sasa unganisha na ulikolipata. Aprili 1916 jenerali van Deventer wa Afrika Kusini aliichukua Kondoa. Mwezi Mei Wajerumani wakaja kupiga pale wakashindwa kumtoa. Akakaa anasubiri mvua na magonjwa yapungue, farasi wamemfia kwa wingi, mwishoni mwa Julai akashuka kusini akaingia Dodoma akaikata reli ya kati. Reli yenyewe ilikuwa imefika Dodoma 1910 tu, Kigoma ilifika 1914 vita inaanza. Toka Kondoa kuja Dodoma mnapita wapi ndugu zangu? Haneti hapo hapo. Risasi imetengenezwa 1915, jeshi limepita 1916, mleta uzi umepata uwanja wa mapigano bila kujua. Askari kaanguka na hela zake mfukoni.

Kolo Kwetu

Mzee wa Reli umeandika vizuri nimepata hadi picha ya farasi. Ila naomba niongezee la tahadhari mimi natokea huku Kondoa. Huku kila anayesikia Mjerumani anafikiria dhahabu imezikwa, watu wamechimba mpaka chini ya miamba yenye michoro wakitafuta mali za Mjerumani, michoro ile iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006 na mtu anakuja na sululu usiku. Hawajapata hata msumari. Kwa hiyo mleta uzi umefanya la maana sana kuficha jina la kijiji, wangefika kesho.

Na sheria ipo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 ni cha kulindwa, na huwezi kuamua tu kuchimba mahali pa kale bila kibali. Vya kwako ni vya baada ya hapo ila ukikutana na kitu kinachoonekana cha zamani zaidi peleka taarifa, ofisi ya wilaya au makumbusho. Na kama ni bomu zima au risasi ambayo haijalipuka usiiguse, ita polisi.

Bingwa wa Rupia

Natoa laki tatu cash kwa ya tai. Nipo Majengo.

Dada wa Area C

Toka milioni 40 mpaka laki tatu 😂😂😂 na hapo kajua kusoma hijria.

Mwalimu Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimefundisha historia miaka 34, naomba niingie taratibu.

Mzee wa Reli tarehe zako hazina shida. Shida ni kwamba umechukua mwaka ulioandikwa kwenye kitu ukaufanya ndio mwaka kitu kilipoanguka. Sarafu ya 1909 inaweza kupotea 1909 na inaweza kupotea 1965. Mimi mwenyewe nina shilingi ya Mwingereza nyumbani, nikiidondosha leo uani mtasema mkoloni alipita kwangu jana?

Mleta uzi nataka unijibu maswali matano na usijibu haraka, kavitoe kwenye kopo uviangalie mchana kwenye mwanga. Moja, vilikuwa kina gani, na vilikuwa vimegusana au vimeachana? Mbili, mdomo wa lile ganda ukoje, ule upande wa kutokea risasi? Tatu, tundu la hiyo hela ni duara kamili au limelika upande? Nne, karibu na ile minyaa kuna nini kingine chini, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, udongo wa rangi tofauti? Tano, nani aliipanda hiyo minyaa?

Minyaa_Mitatu

Mwalimu shikamoo. Nimevitoa nimeviangalia leo mchana, na nimeshtuka.

Kina siwezi kusema kwa uhakika, nilichimba na jembe vikatoka na udongo, labda kiganja kimoja na nusu. Ganda na hela ya tundu nakumbuka vilikuwa kwenye bonge moja la udongo kwa sababu nililivunja na mkono. Ile ya tai… kusema ukweli sikumbuki. Mdogo wangu ndo aliiokota kwenye udongo niliotupa, inawezekana ilikuwa hapo hapo inawezekana ilikuwa pembeni. Hapo nimejilaumu sana leo.

Mdomo wa ganda haujapasuka wala kubonyea. Ile shingo nyembamba imeKATWA mwalimu, halafu ikasuguliwa ikawa laini, ukipitisha kidole haikukwaruzi. Na 2014 ndani kulikuwa na kitu cheusi kimekauka kama kipande cha mti nikakitoa na waya nikatupa.

Tundu la hela limelika upande mmoja, kama kuna mfereji mdogo.

Vigae vipo vingi sana, hatujawahi kuvijali, ukilima vinatoka. Jiwe la kusagia lipo, kuku wanalinywea maji. Udongo wa pale ni wa kijivu, mtama unastawi kuliko kwingine kote. Minyaa sijui nani kapanda, nimezaliwa nimeikuta.

Mgogo Halisi

Hapo ni mahame hapo! Mtama kustawi kona moja maana yake zizi lilikuwa hapo, samadi ya miaka. Na minyaa Mgogo hapandi porini, anapanda kuzunguka boma.

Mwalimu Mstaafu

Mgogo Halisi umenitoa neno mdomoni. Tembe likianguka, ile paa yake ya udongo inashuka yote inafunika kila kilichokuwa sakafuni, baada ya mvua kumi mtu anaona kichuguu tu, baada ya thelathini ni shamba. Mwanangu hukuchimba uwanja wa vita, ulichimba nyumba ya mtu.

Na ganda lililokatwa shingo likasuguliwa mdomo, likazibwa kwa kijiti, wazee wenzangu humu mnajua ni kitu gani. Sisemi sasa hivi kwa makusudi. Bibi yako yu hai?

Minyaa_Mitatu

Yupo, ana 80 na ushee, macho yanasumbua ila kichwa kiko vizuri kuliko changu.

Mwalimu Mstaafu

Basi nenda. Lakini sikiliza jinsi ya kwenda. USIMWONYESHE. Ukimwonyesha ganda ukamwambia bibi hili si la vita ya Mjerumani, atakwambia ndiyo mjukuu wangu, kwa sababu anakupenda na umetoka mbali. Kaa naye, pokea chakula, ongelea shamba. Muulize pale kwenye minyaa palikuwa na nini. Akitaja nyumba muulize ya nani na waliondoka lini. Muulize waliacha nini. Akishasema yote ndipo ufungue mfuko. Na andika siku hiyo hiyo, maneno yake, siyo yako.

Karani Mstahiki

Wakati mleta uzi anajiandaa niongeze upande wa makaratasi maana ndo kazi yangu ya zamani. Watu wanadhani historia ya kijiji chao haijaandikwa popote. Nyaraka za Taifa pale Upanga Dar kuna mafaili ya Mjerumani, yanaanza na herufi G, ila jiandae ni kijerumani cha mwandiko wa mkono ule wa zamani, Mjerumani wa leo mwenyewe anakodoa macho. Ya Mwingereza ni rahisi zaidi, kuna vile vitabu vya wilaya ambavyo kila bwana shauri alikuwa anaandika humo habari za ukoo, watemi, njaa, njia. Angalia cha Dodoma na cha Kondoa vyote.

Halafu ramani. Wajerumani walichora ramani ya koloni zima kwa kipimo cha 1 kwa 300,000, shiti nyingi ziko kwenye mtandao bure. Usitafute jina la kijiji chako la leo hutaliona, wao waliandika kwa jina la mkubwa wa pale, Kwa Fulani, akifa au akihama na jina linahama. Ukitaka kuona tembe lenyewe kuna picha za anga za kabla ya vijiji vya ujamaa, ulizia upimaji na ramani, tembe linaonekana kabisa toka juu, pembe nne na ua katikati.

Na kwa wanaosoma, Mathias Mnyampala aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilitoka 1954. Aliwaandika watu wa kwao mwenyewe, siyo mgeni wa kupita.

Mzee wa Reli

Mimi bado nashikilia vita, lakini nasubiri bibi.

Dada wa Area C

Swali la pembeni, pesa ya pwani ya mwaka 1892 ilikuwa inanunua nini Ugogo? Wazee wetu si walikuwa wanabadilishana ng'ombe?

Saa na Sarafu

Swali zuri. Kwenye njia ya msafara, Bagamoyo Mpwapwa mpaka Tabora, watemi wa Ugogo walikuwa wanadai hongo ili msafara upite na kunywa maji, na hongo ilikuwa nguo, shanga na waya, siyo sarafu. Ukishavuka Marenga Mkali, nyika ile isiyo na maji toka upande wa Mpwapwa, huna ubishi, unalipa. Sarafu ziliingia taratibu kwa askari na maduka, halafu kodi ndo ikazisukuma. Kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Piga hesabu, pesa 192 kama hiyo ya mleta uzi kwa tembe moja. Wasio nazo walilipa kwa mazao au kwa kufanya kazi.

Mgogo Halisi

Kumbe hongo ilikuwa halali kwetu, leo tunafungwa 😂

Minyaa_Mitatu

MREJESHO wakuu. Samahani kwa kuchelewa, nimeenda Ijumaa nimerudi jana usiku, gari la kwanza liliharibika njiani.

Nilifanya kama mwalimu alivyosema. Nimekula ugali na mlenda, nimepiga stori za mvua, nimeongelea mbuzi, jioni tumekaa nje nikamuuliza bibi pale kwenye minyaa zamani palikuwa na nini. Akanijibu kama ananishangaa, akasema si ndio kwetu. Nikamwambia kwenu kivipi na nyumba iko hapa. Akasema hapa tumeletwa mwaka wa operesheni, kwetu ni pale, tembe la mama mkwe wangu, mimi niliolewa pale nikazaa baba yako pale. Miaka yote hii sijawahi kuuliza na yeye hajawahi kusema kwa sababu alidhani najua!

Karani Mstahiki

Operesheni Dodoma hiyo, ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, 1971. Endelea.

Minyaa_Mitatu

Nikamuuliza mliacha nini. Akasema tuliacha milango tukarudi kuichukua, tuliacha vihenge, basi akanyamaza kidogo akaanza kucheka mwenyewe. Akasema, mama mkwe aliacha ugoro wake. Naandika kama alivyosema, nilirekodi na simu, ameongea kigogo nimetafsiri mimi.

"Alikuwa na chombo cha ugoro cha shaba, kirefu hivi, alikuja nacho alipoolewa. Kizibo chake cha mti, na kwenye kizibo kamba ya ngozi, na kwenye kamba hela ya tundu, anaishika ile hela anavuta kizibo kinatoka. Siku ya lori hakikuonekana. Akasema mimi nimekichukua. Akasema nimempa mama yangu. Mpaka anakufa kila akikosa ugoro ananitazama mimi."

Wakuu mimi hapo nywele zimesimama. Nikaenda ndani nikaleta kopo nikamwekea mkononi bila kusema neno. Macho hayaoni vizuri ila alilipapasa lile ganda, akapitisha kidole mdomoni pale palipokatwa, kisha akaishika hela akalipapasa lile tundu upande uliolika. Akasema kitu kimoja tu, "Na kunywa ugoro mimi sinywi." Halafu akacheka mpaka machozi, mimi nikaenda kuangalia mbuzi kidogo.

Dada wa Area C

Jamani 😭😭 miaka hamsini na ushee anasingiziwa wizi.

Mwalimu Mstaafu

Kizibo kwenye kamba, kamba kwenye tundu, tundu limelika upande. Na ulitupa kile kijiti mwanangu, lakini tusikulaumu tena, umeshajilaumu. Umemuuliza mama mkwe alikuwa mtu wa wapi?

Minyaa_Mitatu

Nimemuuliza. Kwao ilikuwa huku juu njia ya kwenda Kondoa, kijiji amekitaja ila sikitaji. Ganda alilipata wapi bibi hajui, alikuja nalo tu toka kwao.

Mzee wa Reli

NJIA YA KWENDA KONDOA 😁 sisemi kitu, sisemi kitu. Mtoto wa kike kaokota ganda njiani baada ya jeshi kupita, 1916. Vita yangu imesogea kilometa chache tu.

Mwalimu Mstaafu

Inawezekana. Inawezekana pia kaka yake alikuwa askari wa Mwingereza baadaye, .303 imetumika miaka mingi sana hapa kwetu. Lakini safari hii nakupa nusu maksi.

Saa na Sarafu

Na pesa yangu ya tai je? Bibi amesemaje?

Minyaa_Mitatu

Nilimpa akaipapasa akairudisha. Akasema hiyo ya ndege hajawahi kuiona, haikuwa kwenye kamba, si ya mama mkwe. Basi hapo ndo nimekwama na nimejikwamisha mwenyewe, kama ningekuwa nimechimba taratibu ningejua ilikuwa juu yao, chini yao au pembeni kabisa. Labda kabla ya tembe hilo kulikuwa na tembe lingine. Nimeiwekea kikaratasi, nimeandika 1309, mahali ilipotoka, na kwamba kina hakijulikani. Karani nitakutafuta kwa ajili ya zile ramani na picha za anga.

Ganda na hela bibi amebaki navyo, amevifunga kwenye pindo la kanga. Kuna wifi yake bado yuko hai Itiso, mtoto wa huyo huyo mama mkwe, naye alikuwa anaamini hiyo stori ya wizi. Amesema Jumapili ijayo nimpeleke, na nisimwambie mtu tunaenda kufanya nini.

Mgogo Halisi

Mkuu hiyo Jumapili tunataka mrejesho saa hiyo hiyo, usituletee habari za gari kuharibika.

Bingwa wa Rupia

Laki nne na nusu ya tai, neno la mwisho.